Mshipi wa Bombwe

Suruali yangu ilianguka ufukweni Usenge, mwaka wa themanini na saba, mbele ya akina mama waliokuwa wakianika omena, dagaa wa ziwani. Nimetembea mpaka Kigoma na Juba, lakini sijawahi kuchekwa namna ile.

"Funika hiyo, Bwana Idd, utafukuza wateja!" akapaza sauti mmoja wao, niliyezoea kununua kwake.

Mshipi ulikuwa umekatika. Nikaona mmea wa kutambaa, mbichi, umetupwa kando ya maji. Nikausokota, nikajifunga kiunoni, nikarudi mtaani kwetu Obunga nikijiona mjanja.

Nyumbani nikautundika msumarini. Mke wangu Subira, mwenye mimba ya miezi minane, akanusa hewani.

"Mbona hapa ndani kunanuka vumbi la ng'ombe?"

Sisi hata kuku hatuna.

Kesho yake adhuhuri nikasikia kengele za ng'ombe zikizunguka nyumba, kisha filimbi, kisha vishindo vya wanaume wengi wakikimbia, na nilipofungua dirisha nikaona uchochoro mtupu, jua kali, nguo za jirani zimetulia kambani, ilhali vishindo vilikuwa vimeshaingia ndani, nyuma ya mgongo wangu, vikielekea kitandani alipolala Subira, na tumboni pake umejizungusha ule mmea, umechipua majani mapya, umefungwa kwa fundo langu mwenyewe.

"Idd," akanong'ona, "mtoto ameacha kucheza."

Nikaanza Ayatul Kursi, ikanipotea katikati. Nikashika kisu. Jirani yetu Mama Seline, mzaliwa wa Usenge, aliyekuwa amesikia kelele, akaingia akanidaka mkono.

"Wacha! Hiyo ni bombwe. Kwetu kukiwa na msiba wanaume wanaivaa, wanakimbia na ng'ombe na filimbi kufukuza kifo mpaka mbali, halafu wanaiacha huko huko. Wewe umekivaa, umekileta kwako. Ukikata hiyo, umekata mtoto. Aliyefunga ndiye anafungua."

Fundo likanishinda kwa vidole, nikalifungua kwa meno. Mama Seline akamnywesha Subira manyasi, maji machungu ya mizizi, kikombe kizima.

Tukangoja. Mtoto akapiga teke. Moja tu.

Kengele zikahamia mlangoni, zikasimama hapo.

"Inakungoja wewe," akasema Mama Seline. "Jifunge tena, uirudishe ulikoitoa. Sasa hivi."

"Na ikikataa kubaki huko, Mama?"

"Basi utabaki nayo huko huko."