Salme Wawili wa Chovae

Mama wa mapokezi alimgeuzia karatasi ya mahudhurio atie saini. Rukia Uthman Famau, Chovae, kikundi cha akina mama walinzi wa kasa. Alishika kalamu, akainama, na kalamu ikabaki hewani. Mistari miwili chini ya jina lake palikuwa na jina jingine, limeshatiwa saini.

Salme Uthman Famau.

— Huyu amekwisha fika? akauliza.

— Bi Salme? Amepita sasa hivi na mumewe, Dakta Mahdi. Wametoka Ulaya, kesho wao ndio wazungumzaji wakuu. Ni ndugu yako? Naona baba ni mmoja.

— Tunafahamiana, akasema, akatia saini.

Alitia saini ya Rukia. Lakini Rukia alikuwa dada yake, na alikuwa kaburini Mombasa tangu mwaka tisini na nne. Salme mwenyewe ndiye huyu aliyesimama mbele ya meza, katika ukumbi wa hoteli Kismayo, siku ya kwanza ya kongamano la uhifadhi wa samaki na wanyamapori wa pwani. Mwanamke aliyepita na jina lake kifuani alikuwa mwizi, na mume aliyepita naye alikuwa mume wa Salme.

Mambo yalikuwa hivi. Mwaka tisini na mbili wenye bunduki waliingia kisiwani Chovae kwa mara ya tatu. Mara mbili za kwanza walichukua mashine za boti na nyavu. Mara hii walichukua watu. Mama yake Salme aliwatia mabinti zake wawili chomboni wakakimbilia Kenya. Mzee Uthman, fundi wa kuunda vyombo, alibaki nyuma, na kabla hawajafika Kiunga, mpakani mwa Kenya, habari ziliwapata kwamba amepigwa risasi pwani. Wakamsomea hitima humo humo chomboni.

Kambini Mombasa mama alikufa mwaka wa kwanza, Rukia akafuata kwa homa. Salme akabaki peke yake na kadi mbili za ukimbizi, yake na ya marehemu.

Ndipo alipotokea Mahdi. Alikuwa kijana wa Kismayo mjini, aliyewahi kusomea mambo ya samaki kabla ya vita. Alikuwa mpole, anajua kusikiliza. Alimchotea maji, akamfanyia dua ya wafu wake, na mwaka tisini na tano akamuoa. Ikaja habari kwamba watu wa visiwani watachukuliwa kwenda Ulaya. Mahdi hakuwa mtu wa visiwani. Kila jioni Salme alimfundisha: mwamba huu unaitwaje, kutoka Chovae kwenda Kudhaa unapita wapi, samaki gani analiwa siku ya harusi. Mahdi alishika vizuri. Kwenye usaili alijibu kuliko hata waliozaliwa huko, na majina yakabandikwa: Mahdi na mkewe Salme.

— Nenda Malindi ukamuage shangazi yako, Mahdi akamwambia. Safari ni mwezi ujao.

Alikaa siku nne. Aliporudi, hema lilikuwa tupu. Hema la jirani pia. Jirani yule alikuwa Zakiya, msichana aliyekuwa akija kuazima chumvi na kukaa kutwa. Salme alikimbilia ofisini, akaambiwa Salme Uthman amesafiri Jumanne na mumewe. Akasema yeye ndiye Salme. Wakamwomba kadi. Kadi alikuwa nayo Mahdi. Picha yake ilikuwa ndogo, imefifia, uso ndani ya buibui, na Zakiya alifanana naye kiasi cha kutosha.

Kuanzia siku hiyo akawa Rukia, maana bila kadi angefukuzwa. Aliandika barua moja, akampa mtu aliyekuwa akienda huko huko Ulaya. Mtu yule alileta habari kwamba ameifikisha, lakini jibu halikuja. Alipoweza kurudi Chovae, akiwa na miaka zaidi ya thelathini, alimkuta baba yake anachonga mbao nje ya nyumba, mguu mmoja umepinda. Risasi ilimpata gotini, wavuvi wa Kudhaa wakamficha. Walilia siku nzima, kisha mzee akamuuliza kama anajua kukanda unga bado.

Sasa ilikuwa miaka ishirini na mitatu tangu hema lile tupu.

Aliingia ukumbini, akateremsha ushungi ukabaki wazi jicho tu, akaketi karibu na Badi. Badi alikuwa katibu wa ushirika wa wavuvi wa Kismayo, mjane, mwanamume asiyepandisha sauti. Mara mbili alikuwa amemposa, na mara mbili Salme amemjibu kwamba yuko katika nikaha ya mtu aliyepotea. Badi hakuuliza zaidi.

Siku hiyo alimwambia yote, kwa kunong'ona, wakati mjumbe mmoja akieleza habari za meli za kigeni zinazokokota nyavu juu ya matumbawe. Badi alisikiliza huku akitazama mbele.

— Tumwambie mwenyekiti kimya kimya, akasema. Atawaondoa bila aibu.

— Aibu ndiyo ninayoitaka, Bwana Badi.

— Ukimwaga maji hadharani huyazoi tena.

— Mimi walinimwaga hadharani. Kambi nzima ilinicheka. Atanijibu mbele ya watu.

Badi akamsogezea ratiba ya kesho. Salme aliisoma mara mbili. Dakta Mahdi, mzaliwa wa Chovae, angeleta mpango wa kufunga maji yote yanayozunguka Chovae kwa miaka kumi ili kasa na nguva wapumzike. Asivue mtu, asiingie mtu. Yeye ndiye angekuwa msimamizi. Ridhaa ya wenyeji ilikuwa imekwisha patikana, imetiwa saini na Bi Salme, binti na mrithi wa marehemu Uthman Famau, kwa niaba ya koo za kisiwa.

Hapo hasira yake ikapata kazi. Jina lake lilikuwa limetumika kula maisha ya mtu mmoja. Sasa lilikuwa linataka kula kisiwa.

Alitoka nje, akampigia simu jirani yao Idarus.

— Mlete Baba Kismayo kwa boti ya alfajiri. Avae kanzu nzuri.

— Akiniuliza anakwendea nini?

— Mwambie kuna watu wanamfanyia matanga.

Adhuhuri alikwenda chumba cha kuswalia wanawake. Zakiya alikuwa pale, mnene kidogo, mikono laini, dhahabu kwenye vidole. Waliswali bega kwa bega. Zakiya alipomaliza aliiona beji kifuani mwa Salme, imeandikwa Rukia Uthman, Chovae, akatabasamu.

— Wewe pia wa Chovae? Na baba zetu wote ni Uthman.

— Uthman ni wengi kule, Salme akajibu nyuma ya ushungi. Mimi niliondoka mdogo. Wako alikuwa yupi?

— Fundi wa vyombo. Walimuua tisini na mbili. Nilimzika kwa mikono yangu hii.

Salme aliukunja msala wake. Angeweza kummaliza pale pale. Badala yake alimshika mkono, kama wafanyavyo wanawake wakifarijiana.

— Pole sana, dada. Kesho ulisimulie hilo mbele ya watu. Wakisikia uchungu wako hawatakuwa na la kupinga.

— Naona haya kuzungumza mbele ya watu.

— Usione haya. Ni haki yako.

Na Zakiya, maskini wa Mungu, alimshukuru.

Kesho yake ukumbi ulijaa. Walikuwapo wajumbe kutoka Kenya, Tanzania, Komoro na Jibuti, na wavuvi wa Kismayo walijipanga ukutani. Mahdi alisimama amevaa suti, nywele nyeupe, sauti ile ile ya upole. Alitaja miamba ya Chovae mmoja mmoja, kwa mpangilio ule ule aliofundishwa hemani, na Salme akajikuta anatikisa kichwa kama mwalimu. Kisha Mahdi akamkaribisha mkewe aseme machache.

Zakiya alisema vizuri. Alisema anaipenda bahari iliyomlea. Alisema baba yake, Uthman Famau, aliuawa mbele yake, akamzika kwa mikono yake pembeni mwa msikiti, na kabla hajakata roho alimuusia awalinde kasa wa Chovae. Watu walifuta machozi. Mwenyekiti akauliza kama kuna swali.

Salme alisimama.

— Ninalo moja, la mwenye kuzungumza. Dada, baba yako akiingia hapa leo, utamtambua?

Watu wakageuka kumtazama. Mahdi akachukua kipaza sauti, akaomba radhi kwa niaba ya wenyeji wake, akasema vita vimewaumiza watu wengi akili na mama huyu asamehewe.

Salme akapandisha ushungi.

Mahdi alikuwa bado anasema, na kipaza sauti kikamshuka mkononi. Zakiya alimtazama Salme, akamtazama Mahdi, akashika ukingo wa meza.

Kwenye mlango wa nyuma Idarus alikuwa amemshika mzee mkono. Mzee Uthman alikuja taratibu kati ya viti, akiburuta mguu, kanzu imelowa chumvi mapajani. Alipofika mbele hakusalimia.

— Mimi ndo Uthman Famau, akasema kwa lahaja ya visiwani. Mchu hufa mara moja. Mimi bado. Huyu ndiye mwanangu Salme. Yule simjui. Na bahari hatujampa mchu ridhaa.

Mwenyekiti alimuuliza Mahdi kama ana la kujibu. Mahdi alisema kulikuwa na makosa ya karatasi wakati wa vita. Alikuwa hajamaliza pale Zakiya alipomgeukia.

— Uliniambia alikataa kusafiri. Uliniambia nafasi yake kaitoa mwenyewe.

— Na barua yangu? Salme akamuuliza. Ilifika mlangoni kwenu. Nani aliifungua?

Zakiya aliinamisha kichwa. Ukumbi mzima ukajua ni yeye.

Ridhaa ile ikafutwa, na jina la Mahdi likatolewa katika kongamano kabla ya chakula cha mchana. Alasiri ile akina mama wa Chovae walipewa nafasi. Salme akaeleza wanavyolinda fukwe mbili miezi ya kasa kutaga, na kuomba meli zinazokokota zizuiwe kwanza kabla ya mtu kumfungia bahari mvuvi wa mshipi. Wajumbe wakakubali. Alizungumza kwa jina lake.

Mahdi alimngoja nje ya ukumbi. Alisema alikuwa kijana, alikuwa na hofu, Zakiya alikuwa na mimba yake na aibu ingewaua wote. Alisema hapakuwa na siku aliyomsahau.

— Nataka vitu viwili, Salme akamwambia. Talaka yangu, na maandishi ya mkono wako.

Walikwenda kwa kadhi siku hiyo hiyo, mzee Uthman na Badi wakiwa mashahidi. Mahdi alitoa talaka, kisha akaandika kurasa mbili: kadi aliichukua vipi, nani alisafiri kwa jina la nani. Akatia saini.

— Utaipeleka kwa serikali ya kule tunakoishi? akauliza. Salme, wakiiona tutafukuzwa. Nina watoto, wameshakuwa watu wazima kule.

Salme aliikunja karatasi.

— Mimi nilikaa miaka ishirini na mitatu sijui kwa nini. Na wewe kaa hujui lini.

Eda ilipokwisha, Badi alituma wazee kwa mara ya tatu. Nikaha ilisomwa Chovae, mzee Uthman akiwa walii, na sheikh alipotamka Salme binti Uthman, mzee aliitikia kwa sauti hata kabla hajaulizwa. Watu wakacheka. Walikula hadi alasiri.

Ujumbe wa kwanza wa Mahdi ulikuja wiki moja baada ya harusi. «Umeshaipeleka?» Wa pili mwezi uliofuata. Wa tatu alituma Zakiya. «Dada, kila mlango ukigongwa nazimia. Tuambie tu.»

Badi aliusoma ule wa Zakiya, akarudisha simu mezani.

— Na umepeleka?

— Iko sandukuni, chini ya nguo.

— Basi waambie, mke wangu. Wapate kulala.

Salme alikuwa anaparua magamba ya changu kwa ajili ya chakula cha mchana. Aliendelea mpaka samaki yule akawa safi pande zote mbili, akamchukua mwingine.

— Bado, akasema.