Udi wa Machimboni

Ganda la muwa lilikuwa halijatulia chini sokoni Tamukuu, mnusi ulikwishashuka. Ulielea juu yake kama nyuki juu ya ua, ukavuta hewa mara moja, kisha ukamfuata bwana mmoja mwenye kanzu aliyejitia kuchagua viazi. Mtambo ukamwambia kwa adabu kwamba ameangusha kitu. Yule bwana akarudi, akainama, akaokota, na wauza mboga wakamcheka mpaka akatokomea.

Ndivyo minusi ilivyofanya kazi. Ilikuwa mitambo midogo, ukubwa wa kibuyu cha kuchotea maji, inayoruka bila kelele. Ndani yake mlikuwa na nyuzi laini kuliko utando wa buibui, na kila uzi ulifundishwa harufu yake. Mwananchi akiona taka zimetupwa ovyo, alisema na Sikivu, sauti ya jiji iliyowekwa katika kila ofisi ya mtaa. Sikivu ikatuma mnusi, mnusi ukanusa, na mtupaji akajulikana kabla jua halijazama. Wakubwa wa jiji walisafiri mpaka nchi za mbali kwenda kujisifia mtambo huo.

Lakini Machimboni mnusi haukuwahi kunusa kitu.

Machimboni ni pale ulipochimbwa udongo wa matofali yaliyoijenga Tamukuu yote. Jiji likachukua udongo, likawaachia wenyeji shimo. Na shimo la maskini halikai tupu. Malori yasiyo na dereva yalikuja mchana kweupe, yakamwaga tope jeusi la betri zilizokufa, yakageuka yakaenda zake. Chini ya shimo hilo kulikuwa na kisima, na siku hizi sufuria za Machimboni zilikuwa zikibaki na utando wa rangi ya kutu.

Siwema binti Mwinyimvua, fundi cherehani, ndiye aliyekuwa akipeleka taarifa. Kila mara alikaa ofisini mbele ya Sikivu kungoja majibu, na kila mara majibu yalikuwa yale yale: Machimboni ni safi, asante kwa kulipenda jiji lako. Safari hii Sikivu iliongeza neno. Taarifa nyingine ikionekana haina ukweli, mtaa mzima utaandikwa mzushi, na sauti yake haitapokelewa tena mwaka mzima.

Siwema akafikiria kile kisima. Mwaka mzima watu waendelee kuyanywa maji yake, na pa kulalamikia pasiwepo. Alitaka kuondoka na hasira zake, akasita mlangoni.

"Basi niambie," alisema. "Huko mlinusa nini?"

Hakuna aliyewahi kuiuliza Sikivu swali hilo.

"Udi," Sikivu ikajibu. "Ubani pia, na karafuu kidogo. Ni hewa nzuri kuliko ya mtaa wowote."

Siwema akaketi tena. Yeye pua yake ilikufa tangu mvua za mwaka jana. Wali ukiungua jikoni, alijua kwa macho kuwasha. Hakumwambia mtu. Kwa hiyo alirudi nyumbani mara zote zile akipita katikati ya harufu asiyoijua.

Alikwenda moja kwa moja kwa jirani yake Bi Hidaya, mama mtu mzima ambaye udi wake wa kusokota uliombwa kwenye kila harusi. Akamkuta anaanika vipande vya udi kwenye ungo. Bi Hidaya hakuficha lolote. Sikivu ikishapokea taarifa hutangaza mtaani kwamba mtambo utafika alasiri, muupokee. Basi wanawake hufagia, huwasha vyetezo vya udi, huvipanga njia nzima mpaka ukingoni mwa shimo, moshi ukalifunika tope, kisha huviondoa kabla Siwema hajarudi.

"Mgeni wa serikali, Siwema. Nimpokee kwa uvundo? Mama yangu atageuka kaburini."

"Huyo si mgeni, dada. Huyo ni shahidi."

"Shahidi ndiye nimwoneshe uchi wangu?"

"Mficha uchi hazai."

Bi Hidaya akamwambia asimletee methali za leba, yeye kazaa saba. Wakacheka wote wawili, kicheko kikakatika. Kisha Bi Hidaya akasema kwa sauti ndogo kwamba anaona haya. Watu wa mjini husema Machimboni wananuka. Sasa yeye auache mtambo uje uthibitishe?

Siwema hakumlaumu. Aliyakumbuka mawe. Enzi za utoto wao, mkubwa akitaka kupita barabara ya juu, walitolewa shuleni kupaka chokaa mawe ya kando ya njia na kuzibia shimo kwa makuti. Mkubwa akapita, akapunga mkono, akaona weupe. Kwa miaka yote wale walioleta uchafu waliwafundisha wenyeji kuona aibu badala yao. Na somo liliingia hasa, maana sasa hakuna aliyewaamuru.

"Haya si yetu, dada," alisema. "Ni ya mwenye malori."

Bi Hidaya akaufunika ungo, akaenda kuwaambia wenzake.

Alasiri, taarifa ya mwisho ikiwa imepelekwa, wanawake wa Machimboni walisimama milangoni mwao mikono mitupu. Wengine waliziba nyuso kwa kanga, kama waliokamatwa. Safari hii Siwema alikuwepo shimoni. Mnusi ulikuja, ukapita njia isiyo na moshi, ukashuka mpaka karibu na tope. Ukavuta hewa. Halafu ukapanda juu ghafla, kama mtu aliyepigwa kofi, taa yake ikawa nyekundu, ukaanza kutaja kwa sauti: sumu ya betri, kiwanda ilikotoka, malori yaliyoibeba.

Bi Hidaya alikaa chini palepale mchangani, akashusha pumzi.

Malori yale yale yalirudi siku ya pili kuzoa yalichomwaga, na jiji likafunga kisima, likavuta bomba la maji safi. Jioni ile Bi Hidaya alibeba chetezo mpaka kibarazani kwa Siwema.

"Leo mgeni nani?"

"Hakuna mgeni. Leo tunajifukizia wenyewe."

Siwema akainamia moshi, akavuta, akatikisa kichwa. Ndipo akasema alichokificha, kwamba tope lile limemlia pua. Uso ukamkaza Bi Hidaya.

"Kesho tunarudi kwa Sikivu," alisema. "Hilo nalo wamelitupa kwako."

"Kesho, dada. Sasa niambie udi unanukaje."

Bi Hidaya akasogea, wakabanana mkekani. Akaanza kumweleza polepole: kwanza sukari inayoanza kuungua, halafu mti mkavu, halafu, kwa mbali, kama mtu amepita na waridi. Siwema akafumba macho.

"Rudia hapo kwenye waridi," akasema.