Maksai Aliyegoma Kulima

Maduhu ni mkulima wa pamba huko Ngulyati. Ana mke, Evalina, na maksai wawili. Maksai mkubwa anaitwa Trekta, kwa sababu ya nguvu zake.

Mvua za Novemba zilipoanza, Maduhu alifunga plau. Siku ya tatu Trekta alilala katikati ya shamba. Maduhu alimchapa. Akamkunja mkia. Trekta hakuinuka. Maduhu akainama kumvuta, mgongo ukamkamata. Sasa wakawa wawili chini.

"Huyu ni mkaidi," alisema kwa hasira. "Jumamosi nampeleka mnadani. Wakamchinje."

"Na pamba tutalima na nini?" aliuliza Evalina. "Maksai mmoja havuti plau."

"Tutaazima mwingine."

"Kwa nani? Kila mtu yuko shambani."

Mganga wa zahanati alimpima Maduhu. Alisema ni misuli tu, akamwambia ajaribu mazoezi ya yoga. Mwalimu Joyness alitoka Somanda kila Jumatano kuyafundisha kwenye uwanja wa kijiji. Kijijini maneno yalikuwa mengi. Wengine walisema ni dini ngeni, wengine uchawi. Waliosema hivyo hawakuwahi kufika.

Asubuhi ya Jumatano Maduhu alikwenda na mkewe.

"Mwangaluka, baba," Joyness alimsalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu. Hii yoga ni dini?"

"Hapa habadilishwi mtu dini. Tunanyoosha mwili na kupumua taratibu."

Maduhu alilala chali kwenye mkeka. Akavuta goti kwa nguvu zote, ili wanawake waliokuwa kwenye mazoezi wamwone.

"Aaii!"

"Taratibu, baba! Pakiuma, acha. Yoga inaanza na kutoumiza. Usijiumize, usimuumize mwenzako, wala mnyama."

"Na mnyama akigoma kazi? Mimi nina maksai mkaidi, analala shambani."

"Anaumwa wapi?"

"Haumwi."

"Umemwangalia?"

Maduhu hakuwa amemwangalia.

Alipofika nyumbani alikwenda zizini moja kwa moja. Juu ya shingo ya Trekta, mahali nira inapokaa, palikuwa na kidonda kikubwa kama kiganja. Kilitoa usaha, na nzi walikizonga. Maduhu aliona aibu sana.

"Mimi nimeumwa siku moja, nikapelekwa zahanati," alimwambia Evalina. "Yeye nilimpa fimbo."

Akampigia simu afisa mifugo, Magese. Magese alisafisha kidonda na kukitia dawa. Kisha akaikagua nira. Ilikuwa imepasuka.

"Tengeneza nyingine, pana na laini," alisema. "Asivae nira mpaka apone kabisa. Akirudi kazini, lima alfajiri. Jua likiwa kali, maksai wapumzike."

Jumamosi Trekta hakwenda mnadani. Maduhu na Evalina walishika majembe ya mkono, wakalima kidogo kidogo. Ilikuwa kazi ngumu. Kila asubuhi Maduhu alinyoosha mgongo kwanza, bila kujilazimisha.

Mwezi wa Desemba kidonda kilikauka, ngozi ikafunga. Trekta akavaa nira mpya. Walilima kwa siku nne. Hakulala hata mara moja, na eka mbili za pamba zikapandwa kabla msimu haujapita.

Siku ya nne, wakirudi nyumbani, walimkuta jirani yao Masalu akimchapa maksai aliyelala.

"Mkaidi huyu!" alifoka Masalu.

Maduhu alimshika mkono.

"Mfungue nira kwanza," alisema. "Tumtazame shingo."

Masalu alishusha fimbo, akamfungua.