Cherehani ya Marehemu Shangazi

"Laki tatu kwa cherehani iliyochoka hivi? Kaka, mimi fundi, usinifanye mjinga!"

"Haijachoka, dada. Inashona na kudarizi. Ni ya marehemu shangazi yangu, na yeye haihitaji tena."

Rafiki yangu alilipa taslimu, maana mashine yake ilikuwa imekufa na shuka za bibi harusi zilikuwa zinasubiriwa. Mimi ningeondoka. Muuzaji asiyekutazama usoni simwamini hata bure.

Dukani kwake alibana kitambaa kwenye fremu ya kudarizia, atie jina la bibi harusi. Kabla hajaanza, umeme ukakatika, na chumba kile hakina dirisha. Akachomoa waya haraka, kama tufanyavyo mafundi wote, ili umeme ukirudi kwa kishindo usiunguze mota.

Waya ukiwa bado mkononi mwake, sindano ikaanza. Ta. Ta. Ta-ta-ta. Polepole, kama mtu anayetafuta maneno. Kisha ikanyamaza, na akasikia uzi ukikatwa.

Taa ziliporudi, aliniita. Kitambaa nilikiona kwa macho yangu. Herufi zilikuwa safi, zimedariziwa kwa uzi mweupe wa bibi harusi:

"Laki tatu zangu hazijanifikia. Nilipe."