Damu Iliyoitwa Akeyo

Sauti ilitangulia. Ilikuwa nyembamba, kama ya filimbi inayopulizwa mbali. Ilipanda, ikakatika, ikapanda tena. Ukungu ulikuwa umemeza shamba lote la chai, na Maxine hakuona hata mstari wa pili. Mikono yake iliacha kuchuma.

"Nani huko?" aliuliza.

Ukungu haukujibu. Kisha sauti ikasogea, na ndani yake akasikia neno moja: "Mifupa."

Kivuli kikatokea. Kilikuwa na vichwa viwili. Maxine alirudi nyuma hadi matawi yakamchoma mgongoni. Ndipo akamtambua Jerusa, mama mkwe wake, akiwa amembeba Amondi.

Amondi alikuwa na miaka miwili. Vidole vyake vilikuwa vimevimba. Weupe wa macho yake ulikuwa umegeuka manjano.

"Imeanza tena," Jerusa alisema. "Alikuwa anachezea maji nje. Ukungu uliposhuka, akaanza kulia. Twende nyumbani, Mama Akeyo."

"Mimi ni Mama Amondi, Mama."

"Ulikuwa."

Walishika njia ya nyumbani. Maxine alijua kwa nini jina hilo lilitajwa. Akeyo alikuwa binti wa Jerusa, dada ya Owiti, mume wa Maxine. Alikufa akiwa mdogo, kule kwao karibu na ziwa. Yeye pia alilia mifupa. Yeye pia alikuwa na macho ya manjano. Sasa Jerusa alikuwa akimwota, amesimama mlangoni, anatetemeka kwa baridi, haingii.

Kwao, mtoto akilia bila kunyamaza, wazee huuliza ni nani kati ya waliokufa anayetaka jina lake lirudi. Hutaja majina moja moja. Mtoto akinyamaza jina fulani likitajwa, basi hilo ni lake. Jerusa alikuwa ametaja la Akeyo. Amondi alinyamaza papo hapo. Aligeuza kichwa, akatazama pembe ya chumba isiyokuwa na kitu. Maxine aliyaona hayo kwa macho yake. Tangu siku hiyo hakupenda kuketi karibu na pembe ile.

Hospitali nayo ilikuwa imejaribiwa. Jirani yao, Chepngetich, alimwona mtoto barabarani akashauri apimwe. Maxine alimpeleka zahanati moja pale Sosiot, akarudi na jibu kwamba hana tatizo. "Hospitali haioni kitu cha kaburini," Jerusa alisema. Wakakubaliana kumpeleka mtoto kwenye kaburi la Akeyo, akapewe jina hilo mbele ya ukoo.

Walipofika nyumbani, Owiti alikuwa ametoka kiwandani, anafunga mizigo.

"Tunaenda leo," alisema. "Siwezi kusikia hiyo sauti tena."

Mlango uligongwa. Alikuwa Chepngetich, aliyefanya kazi ya utafiti wa damu katika maabara ya hospitali mjini. Alikuwa amesikia kilio akiwa barabarani.

"Maxine, si nilikuambia mtoto apimwe tamu?"

"Alipimwa, dada. Walisema sukari iko sawa."

"Sukari? Nani alitaja sukari?"

"Si ni wewe? Ulisema apimwe tamu. Tangu siku hiyo hata uji wake sitii sukari."

Chepngetich alinyoosha mkono. Kisha akagusa mshipa wa mkono wake. "Tamu hii," alisema. Akajikaza, akarudia polepole. "Da. Damu."

Owiti alimkazia macho. "Nyinyi Wakipsigis mtatumaliza na hiyo ulimi."

"Na wewe Mjaluo, unayesaga 'sai' badala ya chai kiwandani?" Lakini hakucheka. "Nisameheni. Nilipaswa kuhakikisha umenielewa. Mpe maji anywe. Mfunike vizuri. Twende hospitali sasa."

"Huyu anaenda ziwani," Jerusa alisema. "Akinyimwa jina lake, Akeyo atamchukua."

"Mama, safari ni ndefu na mtoto ako na homa. Anaweza kufia njiani."

Wote walimtazama Maxine. Amondi aliguna, akatazama tena ile pembe tupu. Maxine aliogopa kwenda ziwani, na aliogopa zaidi kutokwenda. Lakini alihisi joto la mwili wa mtoto kupitia nguo yake, na joto lile halikuwa ndoto. Alichukua blanketi.

"Hospitali," alisema.

Hospitalini Amondi alitiwa maji kwenye mshipa, akapewa dawa ya maumivu na ya homa. Damu yake ilipimwa. Kesho yake Chepngetich aliwaita watazame kwenye hadubini, chombo kinachokuza vitu vidogo sana.

Maxine aliinama. Aliona vidude vingi vya mviringo. Katikati yao kulikuwa na vingine vilivyopinda, vyembamba, vyenye ncha. Vilikuwa kama mundu wa kukatia nyasi.

Jerusa naye alitazama. Alikaa hapo muda. "Nani amevikunja?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hakuna mtu, Mama. Huu unaitwa ugonjwa wa selimundu. Ndani ya kila chembe hai ya mwili kuna maagizo tuliyorithi kwa wazazi. Agizo moja tunaliita jeni. Liko jeni linaloagiza jinsi ya kutengeneza protini ya kubeba hewa kwenye damu. La Amondi lina kosa dogo. Protini yake hushikana, na chembe hupinda. Zikipinda huziba mishipa midogo. Hapo ndipo mifupa huuma."

"Na ukungu?" Maxine aliuliza.

"Baridi huchochea. Kukosa maji ya kunywa pia. Hata homa."

"Lakini sisi hatuumwi," Owiti alisema.

"Kila mmoja wenu ana jeni moja zima na moja lenye kosa. Amondi alipata lenye kosa kutoka kwa baba na kutoka kwa mama. Hakuna wa kulaumiwa."

"Mbona alipokuwa mchanga alikuwa mzima?" Maxine aliuliza.

Chepngetich alimgeukia Owiti. "Kiwandani mnaweza kuzima mashine moja na kuwasha nyingine?"

"Kila siku."

"Mwili pia. Mtoto akiwa tumboni, jeni lingine hutengeneza protini ya utotoni, ambayo ni nzima. Miezi michache baada ya kuzaliwa, mwili huizima mashine hiyo na kuwasha ya ukubwani. Ile ya kwanza haifi. Inalala. Kazi yetu ya utafiti ni kujua ni nini kinachoilaza. Na iko dawa, haidroksiyurea, inayoiamsha kiasi."

Maxine alihisi baridi mgongoni. Kumbe ni kweli kulikuwa na kitu kilicholala ndani ya mtoto wake. "Na aliponyamaza alipoitwa Akeyo?"

"Maumivu haya huja na kupoa, dada. Na mtoto husikiza sauti ya nyanya yake."

Kuhusu ile pembe, Maxine hakuuliza.

Amondi alianza dawa. Aliinywa kila siku, na damu yake ilipimwa mara kwa mara, kwa sababu dawa hiyo hutaka uangalizi. Alipewa chanjo na dawa za kuzuia maambukizi. Alivaa soksi na sweta asubuhi, na chupa yake ya maji haikukauka. Alikuja kuumwa mara moja, kidogo. Msimu wa mvua ulipita. Akaanza kukimbiza kuku wa jirani.

Siku moja ukungu ulishuka tena. Jerusa alimwita Chepngetich aliyekuwa akipita.

"Akeyo wangu alikuwa na hii damu?"

"Siwezi kusema bila kumpima, Mama. Lakini dalili zake zinafanana sana."

"Mimi nilimfunga dawa za mizizi mkononi. Nikamnyima maji, nikidhani maji yanamwingiza baridi." Sauti yake ilikatika. "Alikuwa ananiomba maji."

Mtoto alikuja akajilaza magotini pake. Jerusa alimfunika kwa shali, akamwinua uso.

"Amondi," alisema kwa sauti ambayo wote waliisikia, "siku utakayolia, sitauliza ni nani anayelia ndani yako. Nitakupa maji. Na nitakubeba mimi mwenyewe hadi hospitali, hata ukungu ukinificha njia."