Tiki Tano kwenye Daftari la Gari

Kila jioni wiki ile Chiriku alikuwa na kazi moja: kuchomeka waya wa kuchaji gari nyumbani, kisha kutia tiki daftarini. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu mdomo wake haupumziki.

Gari lenyewe lilikuwa jeupe, dogo, lililoinuka, la umeme na petroli. Muuzaji aliliazimisha zahanati siku tano. Mama yake Chiriku, dereva wa zahanati, ndiye aliyepewa kulijaribu kwenye mizunguko ya kila siku: kupeleka chanjo, kuchukua wajawazito, kupanda kilima cha kiwanda cha matofali. Gari la zamani lilikuwa limekufa kabisa. Akisema hili linafaa, litabaki. Akisema halifai, linarudi.

Jumatatu Chiriku alichomeka. Jumanne akataka televisheni, na soketi ni hiyo hiyo moja. Akauchomoa waya "kidogo tu", akasahau, akatia tiki. Asubuhi gari likawaka na kuondoka kama kawaida. Basi akafanya vivyo hivyo mpaka Ijumaa.

Jumamosi muuzaji alikuja zahanati. Chiriku alikuwepo na mama yake.

"Dada, linaendaje?"

"Linapanda kilima bila kuhema, wagonjwa wanasinzia humo. Lakini kaka, ulisema safari fupi zitaenda kwa umeme mtupu. Mbona linabugia petroli hivi? Hatuliwezi. Lichukue."

Muuzaji alitoa macho. Akaingia garini, akabonyeza skrini. "Dada, linaonyesha limechajiwa hadi kujaa mara moja tu. Jumatatu."

Mama akafungua daftari. "Tiki tano hizi hapa! Usinifanye mtoto, kaka. Huyu binti yangu ana maneno mengi, lakini hanidanganyi."

Wagonjwa wote kwenye benchi walikuwa wanatazama.

"Mama... niliuacha waya usiku kucha Jumatatu tu. Siku nyingine nilichomoa, nikawasha televisheni. Tiki niliziandika tu."

Mama hakufoka. Alikaa kwenye ngazi kama mtu aliyepigwa kofi. Ndipo Chiriku alipoogopa kweli.

"Kaka, nisamehe," mama alisema hatimaye. "Nimekufanya mwongo mbele za watu. Nipe siku tano nyingine."

"Chukua, dada. Ila safari hii televisheni ipumzike!"

Siku tano zikapita. Mizunguko mifupi ilikwenda kwa umeme. Petroli iliguswa kilimani na safari za mbali tu. Mama akasaini: linafaa. Kisha akapitia daftari. Kulikuwa na tiki nne, na mbele ya Jumatano maneno haya: "Sikuchomeka. Umeme ulikatika."

Mama aliweka kidole hapo.

"Unaona, mwanangu? Jumatano hii imenisaidia kuliko zile tiki tano. Kusahau si neno. Ungeniambia, ningetoka nikachomeka mwenyewe. Tiki zako ndizo zilizonizuia kwenda kutazama. Mtu anayekuamini hakukagui. Huyo ndiye wa kumwambia ukweli kwanza."

Chiriku alichukua waya, akatoka kwenda kuchomeka gari.