Sanduku Lisilo na Dirisha

Kila asubuhi mama alisukuma pikipiki yake hadi langoni, akapiga kiki, na injini ikaunguruma mpaka vikombe vikatetemeka kabatini. Hapo ndipo Bisibisi alipojua kwamba ni wakati wa kuvaa sare. Mama alikuwa mkunga. Wajawazito wengi aliowatembelea waliishi juu ya kilima, na pikipiki ile yenye tairi za meno ndiyo pekee iliyoiweza njia yao ya mawe na matope.

Asubuhi moja mama alipiga kiki, injini ikakohoa, chuma kikalia ndani, kisha kimya.

Baba mdogo alitoka uani akiwa na mswaki mdomoni. Alikuwa fundi simu, lakini hakuna kifaa alichoogopa kukifungua. Alichunguza, akatikisa kichwa.

"Shemeji, hii imekata roho. Tuiombee tu."

"Basi nitapanda kwa miguu," mama alisema, akijitwika begi mgongoni. "Watoto hawangoji pikipiki ndipo wazaliwe."

Bisibisi alimtazama mama akipotea njiani. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na jina lake la utani lilitokana na bisibisi iliyokuwa haitoki mfukoni mwake. Jioni alisimama mbele ya rafu ya baba mdogo, penye mota mbili za ndege kubwa ya kuchezea.

"Baba mdogo, hizi haziwezi kusukuma pikipiki?"

Baba mdogo alijikuna kidevu. "Angani ziliweza. Zikiwa mbili pamoja, na betri ya maana... Hebu lete spana."

Waliitoa injini, wakafunga mota mahali pake, wakaziunganisha na gurudumu la nyuma kwa mnyororo. Bisibisi alipewa kazi yake mwenyewe: kutengeneza sanduku la kukinga mota zisiingie matope. Alikata kopo la biskuti, akaziba kila ukingo kwa mpira wa tairi kuukuu, akalipaka rangi ya buluu. Hata sisimizi asingepata pa kupita.

"Duh! Umefunga kama benki," baba mdogo alimsifu.

Mama naye alikuja kutazama. "Shemeji, hii ni ya kupanda au ya kurusha?" alitania. Kisha akaligusa sanduku. "Limefungwa vizuri?"

"Ndiyo, mama."

Kila jioni aliuliza swali lilelile, na kila alipojibiwa aliingia ndani.

Siku ya majaribio baba mdogo aliiendesha hadi katikati ya kilima, akarudi akicheka. "Inapanda kama mbuzi!" alisema, akaenda kunawa.

Bisibisi alichukua kitambaa afute vumbi. Alipogusa sanduku, kidole kiliungua. Akasikia harufu ya kitu kinachoungua ndani. Alitazama mlango wa bafu. Akisema, sanduku lake litafunguliwa, lilelile ambalo kila mtu amelisifu. Labda mota zote huwa hivyo, alijiambia. Akaendelea kufuta vumbi.

Wakati wa chakula mama aliona lengelenge. "Kidole kimefanya nini?"

"Chai, mama. Ilinimwagikia."

Mama alikitazama kidole kwa muda mrefu. Kisha akaenda kuleta dawa.

Kulipokucha mama alivaa kofia ngumu, akakaza mikanda ya begi. Bisibisi alisimama kando akiwa na sare yake, akikiwaza kilima. Mota zikizimika penye mwinuko mkali, pikipiki itarudi nyuma na mama akiwa juu yake. Mama alipoinua mguu apande, Bisibisi aliudaka usukani kwa mikono miwili.

"Mama, usipande! Haikuwa chai. Ni sanduku, linaunguza!"

Baba mdogo alilifungua. Nyaya za shaba za mota moja, zilizokuwa zikimeta, zilikuwa nyeusi kama makaa. Akajishika kichwa.

"Na mimi nimesahau! Kwenye ndege, pangaboi huzipulizia upepo mota. Sisi tumezifungia chumbani bila dirisha."

Siku hiyo mama alipanda tena kwa miguu. Baba mdogo alitafuta mota nyingine, na Bisibisi akalikata sanduku lake zuri kwa mkono wake mwenyewe: tundu mbele, tundu nyuma, wavu wa kuzuia mawe, na kipande cha mpira cha kuzuia matope. Walijaribu hadi kileleni. Waliporudi, Bisibisi aliweka kiganja juu ya sanduku. Lilikuwa vuguvugu tu, kama kikombe kilichosahauliwa mezani.

Mama alimvuta karibu.

"Mwanangu, kukosea kazini si aibu. Ndivyo fundi anavyojifunza. Lakini kosa ukilifungia ndani huwa kama mota hizi, linazidi kuungua. Aibu ya kusema huisha upesi. Umefanya vyema kuushika ule usukani."

Alichezea ukanda wa kofia.

"Na mimi nina langu. Kila jioni nilipouliza kama limefungwa vizuri, sicho nilichotaka kusema. Niliona mlivyojituma, nikahofia kuwavunja moyo."

"Ulitaka kusema nini, mama?"

"Nilitaka kusema naogopa kuipanda."